Siku Moja ya Julai Kisiwani Ishigaki: Panga kwa Jua, Maji na Upepo

Ishigaki ni kisiwa cha Japani kilichoko kusini-magharibi mwa mkoa wa Okinawa, kwenye nyuzi 24 za latitudo ya kaskazini. Tropiki ya Kansa iko kilomita kama 100 tu kusini yake, na Taiwan iko karibu zaidi kuliko Tokyo. Wakazi ni karibu 50,000, barabara ni nzuri, na gari linaweza kukizunguka chote kwa siku moja. Wageni wengi hukipanga kwa ramani: kituo cha kwanza kilicho karibu na hoteli, cha pili kinachofuata, na kadhalika. Hapo ndipo siku inapoharibika. Hufika ghuba ya Kabira jua likiwa limelala na rangi ya bahari imefifia, kisha huingia majini kwenye ufuko wa Yonehara wakati maji yanatoka na mkondo unavuta kuelekea nje ya mwamba wa matumbawe.

Anza na jua, kujaa na kupwa kwa maji, na upepo. Ramani itakuja baadaye.

Kuchagua tarehe

Majira ya mvua katika Okinawa huanza kwa wastani karibu tarehe 10 Mei na kwisha karibu tarehe 21 Juni. Yakiisha, mgandamizo mkubwa wa hewa wa Pasifiki hutanda na mbingu hufunguka. Agosti ina jua pia, ila vimbunga huongezeka. Kwa mwenye siku chache, kipindi kizuri zaidi ni kuanzia wiki ya mwisho ya Juni hadi katikati ya Julai.

Ndani ya kipindi hicho, tazama mwezi. Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki ana faida hapa, maana bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) hufuata hesabu ileile. Tofauti ni ukubwa: Unguja bamvua hufikia tofauti ya mita nne hivi kati ya kujaa na kupwa, ilhali Ishigaki hufikia mita mbili hivi kwa wingi.

Siku za bamvua (siku ya 1 hadi ya 3 ya mwezi mwandamo, na ya 15 hadi ya 17), maji ya kiangazi hupwa kabisa katikati ya mchana, takriban kati ya saa 6 na saa 8. Matumbawe huwa karibu kutoka nje ya maji, na ghuba ya Kabira huonyesha mchanga mtupu kandokando. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hupwa asubuhi na kujaa mchana, wakati uleule jua liko utosini. Maji mafu huja mara mbili kwa mwezi, lakini yale ya mwezi 22 hadi 24 yanashinda yale ya mwezi 8 hadi 10, kwa sababu mwezi huchomoza usiku wa manane au baadaye. Unapata bahari iliyojaa mchana na anga jeusi lenye nyota usiku, siku hiyohiyo.

Mwongozo huu umepangwa kwa siku ya mwezi 22 hadi 24. Ukijikuta kwenye bamvua, ruka hadi sehemu ya Taketomi.

Hali ya hewa utakayoikuta

Joto la Julai hupanda hadi nyuzi 32 mchana na kushuka hadi 27 au 28 usiku. Ni nadra kufika 35, kwa sababu bahari imekizunguka kisiwa. Miji ya Japani bara kama Kyoto huwa na joto kali zaidi. Shida ya Ishigaki ni unyevunyevu wa hewa, unaokaribia asilimia 80: jasho halikauki, na mwili haupoi. Maji ya bahari yana nyuzi 29 hadi 30, kwa hiyo kuogelea hakukupoozi kama unavyotarajia.

Jua ndilo linalowashangaza watu. Mapema Julai linapita nyuzi mbili tu kutoka utosini, kivuli chako kinajikunja chini ya miguu, na kipimo cha mionzi kinavuka 11, daraja la juu kabisa. Ngozi nyeusi pia huungua kwa mionzi ya kiwango hiki, hasa mabega, juu ya miguu na nyuma ya magoti ukiwa umelala kifudifudi majini.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Kisiwa kiko magharibi sana, lakini kinatumia saa ya Tokyo. Mapema Julai jua huchomoza saa 12 na dakika chache asubuhi, hufika kileleni saa 7 kasoro dakika kumi mchana, na huzama saa 1 na nusu usiku. Ratiba zote za boti na mabasi zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24: ukiona 07:30 ni saa 1 na nusu asubuhi, ukiona 17:00 ni saa 11 jioni.

Upepo wa wakati huu hutoka kusini. Ule unaovuma kwa nguvu mara mvua zinapokwisha, wenyeji huuita kaachibai, na unaweza kuendelea siku kadhaa mfululizo. Matokeo yake ni haya: pwani ya kusini na ya kusini-mashariki, pamoja na Shiraho yenye matumbawe maarufu ya buluu, huchafuka, ilhali pwani ya kaskazini, yaani Yonehara na Kabira, hukingwa na milima. Mrefu kuliko yote ni Omoto, mita 526, ambao pia ndio mrefu kuliko yote mkoani Okinawa.

Mvua ya mchana ni ya vipande. Upande mmoja wa barabara unalowa na wa pili umekauka. Usighairi safari kwa sababu simu imeonyesha picha ya wingu la mvua. Fungua ramani ya rada ya Idara ya Hali ya Hewa ya Japani, inayoonyesha mahali mvua ilipo na inakoelekea kwa saa moja ijayo, kisha subiri dakika 20 au sogea kilomita tano.

Jioni ya kuamkia safari

1. Angalia jedwali la maji la Ishigaki. Andika saa ya kupwa na ya kujaa. Kila siku muda husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na siku za maji mafu husogea zaidi, kwa hiyo jedwali la jana halikufai.

2. Angalia urefu wa mawimbi na kama kuna kimbunga popote katika Pasifiki ya magharibi. Kimbunga kilicho mbali kwa siku mbili au tatu hutuma mawimbi marefu kisiwani huku anga likiwa safi kabisa. Ukiona hivyo, futa kuogelea kwenye mwamba. Usijadiliane na macho yako asubuhi.

3. Gari liwe limeshakodishwa wiki nyingi kabla; Julai na Agosti huisha. Kuendesha ni kushoto, kama Kenya, Uganda na Tanzania. Kibali cha kimataifa cha kuendesha lazima kiwe cha Mkataba wa Geneva wa Usafiri wa Barabarani wa 1949. Cha mkataba wa 1968 hakikubaliki Japani, na kampuni za magari hukagua. Uliza nchini kwako unapewa cha aina gani kabla hujalipia lolote.

4. Funga mkoba: maji lita tatu kwa kila mtu (chupa mbili uzigandishe usiku kucha), chumvi au vidonge vya chumvi na madini, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, suruali nyepesi ya kuogelea, viatu vya majini vyenye soli ngumu, miwani ya kuzamia na mrija, jaketi la kuelea, siki nusu lita, kofia yenye ukingo mpana, viatu vya kufunika vya usiku, tochi, na fedha taslimu. Kaskazini mwa kisiwa maduka ni haba, na mashine za vinywaji za barabarani hupenda sarafu na noti ndogo.

Siki si ya chakula. Maelezo yake yako mbele.

Saa 11 alfajiri: ondoka mjini kuelekea kaskazini

Ncha ya kaskazini iko mwendo wa saa moja hivi. Ondoka bado giza, kwa sababu kituo cha kwanza ni maua yanayokufa alfajiri. Mti wenyewe Wajapani huuita sagaribana. Watu wa pwani yetu wanaujua kwa jina la mtomondo, na hupenda kuota kandokando ya mito na maji baridi. Maua yake, meupe au ya waridi kama manyoya, huning'inia kwenye nyuzi ndefu, hufunguka usiku, hutoa harufu tamu, na huanguka jua linapochomoza. Msimu ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi mwishoni mwa Julai. Eneo la Hirakubo lina msitu mkubwa wa miti hii. Saa za kuingia hubadilika kufuata maua, kwa hiyo uliza hotelini au dawati la utalii siku moja kabla. Baki kwenye njia iliyowekwa, na usimulike maua kwa mwanga mkali wa simu kila mara. Zima taa, macho yatazoea.

Barabarani endesha polepole, kilomita 40 kwa saa. Baada ya mvua, tai wa kisiwa hiki, kanmuri-washi, hutua kwenye lami kula kaa na vyura waliokanyagwa, naye hugongwa. Usiku za karibu na mwezi mpevu, kaa wa nchi kavu huvuka barabara kwa wingi kwenda kutaga baharini.

Maua yakiisha, mnara wa taa wa Hirakubo uko karibu. Nyasi zinateremka hadi baharini, na mstari mweupe wa mawimbi unaonyesha ukingo wa mwamba. Jifunze kuusoma hapo juu, ukiwa salama: pale mstari mweupe unapokatika na maji yanakuwa ya buluu iliyokolea, ndipo kwenye mlango wa mwamba. Utauhitaji ujuzi huo baada ya saa chache. Ukirudi kusini, simama Tamatorizaki. Kisiwa hapa kina shingo nyembamba, na kutoka kilimani unaona bahari pande mbili. Dakika 20 zinatosha.

Saa 4 asubuhi: Yonehara, maji yakiwa yanajaa

Hapa ndipo pa kutumia akili yote.

Yonehara ina matumbawe mita chache kutoka ufukweni, na samaki wa rangi kwenye maji ya kiunoni. Pia ni ufuko ambao watu wamekufa. Haufanani na ufuko hatari, na hilo ndilo tatizo. Mawimbi hupanda juu ya mwamba na kumwaga maji ndani ya wangwa, yaani maji yaliyo kati ya mwamba na ufuko. Maji hayo lazima yatoke, nayo hutoka kupitia mlango wa mwamba, kwa kasi inayomshinda mwogeleaji hodari. Maji yanapokupwa, mkondo huo huongezeka nguvu. Mawimbi marefu ya kimbunga cha mbali huuongeza tena.

Kwa hiyo:

1. Ingia maji yakiwa yanajaa, katika saa tatu za mwisho kabla ya kilele. Kwa siku ya mwezi 22 hadi 24, hiyo ni takriban saa 4 hadi saa 7 mchana.

2. Kabla ya kuingia, simama ufukweni dakika kumi. Tafuta ukanda wa maji yaliyokolea na tulivu kati ya mawimbi. Utulivu huo si usalama. Ndio mlango wenyewe. Kaa mbali nao.

3. Vaa jaketi la kuelea, hata kama umezaliwa pwani. Ingia wawili wawili.

4. Usipite kina cha kifuani, wala usiufuate ukingo wa mwamba. Kila dakika tano inua kichwa, linganisha mahali ulipo na mti au jiwe uliloweka alama ufukweni. Ikiwa umesogea bila kupiga miguu, toka.

5. Ukivutwa, usiogelee kukabiliana na mkondo. Elea, inua mkono, na ogelea sambamba na ufuko hadi nguvu ipungue, kisha rudi pale mawimbi yanapovunjika. Aliye ufukweni apige 118, namba ya walinzi wa pwani. Asiingie kumfuata.

6. Usisimame juu ya tumbawe. Mwaka 2016 joto la bahari lilipausha sehemu kubwa ya matumbawe ya Sekisei, wangwa mkubwa ulio kati ya Ishigaki na Iriomote, na takriban asilimia 70 yakafa. Yaliyobaki yanahesabika.

Toka majini saa 5 na nusu, hata kama unafurahia. Saa moja na nusu kwenye jua hili inatosha.

Sasa siki. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna konyeza aitwaye habu-kurage, mwili wake kama sanduku la kioo, karibu haonekani, naye hupenda maji ya magotini kwenye fuko tulivu za mchanga. Sumu yake inaweza kuua mtoto. Akikugusa, toka majini, usisugue, mwagia siki nyingi, ondoa nyuzi kwa uangalifu, poza kwa barafu, nenda hospitali. Lakini kuna mwingine, yule wa mfuko wa buluu unaoelea juu ya maji, ambaye siki humzidishia makali: kwake tumia maji ya bahari kuosha, bila siki. Mchomo wa samaki wa jiwe, anayejificha kama mwamba, hutulizwa kwa maji moto ya nyuzi 40 hadi 45 wakati mnasubiri gari la wagonjwa. Namba ni 119. Na konokono mwenye ganda la umbo la pia, mzuri wa kutazama, aachwe alipo. Mchomo wake umewahi kuua.

Saa 6: kula

Chakula cha haraka cha kisiwa ni Yaeyama soba, tambi za mviringo katika mchuzi mwepesi. Muislamu ajue kwamba mchuzi huo hupikwa kwa mifupa ya nguruwe, na nyama iliyokatwa juu yake ni ya nguruwe pia. Kuondoa nyama hakuondoi mchuzi. Neno la kuuliza ni buta, yaani nguruwe. Mbadala mzuri ni samaki: jodari huvuliwa karibu na kisiwa, na samaki mdogo gurukun hukaangwa mzima hadi mifupa inaliwa. Mananasi yako msimuni, na maembe ya Julai yana bei, lakini yanastahili.

Saa 7 mchana: Kabira

Kwa kawaida saa hii ingekuwa ya kujificha kivulini, na baada ya Kabira utajificha. Lakini rangi ya ghuba hii inahitaji jua la utosini na maji yaliyojaa. Chini kuna mchanga mweupe wa matumbawe na magamba. Jua linapoingia wima, halirudishwi na uso wa maji bali linafika chini na kurudi juu likiwa kijani na buluu. Saa 10 jioni ghuba ni ileile na uzuri umepungua nusu. Wingu moja likipita, rangi huzima. Subiri, litapita. Miwani ya jua inayokata mng'ao huongeza sana.

Kuogelea Kabira kumekatazwa, kwa sababu ya mikondo na mashamba ya lulu nyeusi. Panda boti yenye sakafu ya kioo, nusu saa hivi. Kaa upande wa kati, usiinamie kioo muda mrefu: watu wengi hutapika hapo. Kisha panda kwenye jukwaa la kutazamia bustanini, piga picha, uondoke.

Kuanzia saa 8 hadi saa 10, kaa ndani. Huu si uvivu. Mawingu huota juu ya milima, mvua hunyesha hapa na pale, na miili iliyokaa juani tangu alfajiri ndiyo huanguka saa hizi. Dalili za mwanzo ni kizunguzungu, misuli kukaza na kichefuchefu: kivuli, maji yenye chumvi, barafu kwapani na shingoni. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akashindwa kushika chupa mwenyewe, usimnyweshe chochote. Piga 119 huku ukimmwagia maji na kumpepea. Siku ambayo serikali imetoa tahadhari ya joto, ongeza mapumziko haya hadi saa 11.

Jioni na usiku

Uganzaki, ncha ya magharibi yenye mnara wa taa, ndipo pa kuona jua likizama saa 1 na nusu. Fika nusu saa kabla, kaa mbali na ukingo. Ukipitia Nagura, simama darajani utazame mikoko. Eneo hilo, Nagura Anparu, limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani tangu 2005.

Giza kamili huingia karibu saa 3 usiku. Hifadhi ya Taifa ya Iriomote-Ishigaki ilikuwa ya kwanza Japani kutambuliwa kimataifa kwa anga lake lenye giza, mwaka 2018. Panda kilima cha Banna, zima taa za gari, subiri dakika 20. Kundi la Nge liko kusini, na kutoka hapo mkanda wa nyota wa Njia Nyeupe unapanda hadi juu ya kichwa. Msalaba wa Kusini usiutafute: hapa huonekana Desemba hadi Juni tu. Kituo cha unajimu cha Ishigaki kina darubini yenye kioo cha sentimita 105, na siku za kutazama huhitaji kuwekewa nafasi mapema. Vaa viatu vya kufunika na usikanyage nyasi bila tochi, kwani nyoka mwenye sumu wa visiwa hivi, habu wa Sakishima, huwinda usiku.

Ikiwa ni bamvua: Taketomi

Acha mwamba, panda boti kutoka bandari ya mjini hadi kisiwa jirani cha Taketomi. Dakika 10 hadi 15 tu. Kodi baiskeli. Kijiji kina kuta za mawe ya matumbawe, mapaa ya vigae vyekundu na njia za mchanga mweupe zinazofagiliwa kila asubuhi. Mchana maji yakipwa, ufuko wa Kondoi hutoa fungu la mchanga unaloweza kulitembelea kwa miguu. Hakuna kivuli kabisa, kwa hiyo dakika 40, si zaidi. Ufuko wa Kaiji una mchanga wa nyota, magamba ya viumbe wadogo mno: bonyeza kiganja mchangani, tazama, urudishe. Andika saa ya boti ya mwisho mkononi.

Kimbunga kikija

Tarehe 23 Agosti 2015 upepo wa ghafla wa mita 71.0 kwa sekunde ulipimwa Ishigaki, karibu kilomita 256 kwa saa. Vimbunga hapa huja vikiwa bado na nguvu zote. Boti husimama kwanza, mara nyingi siku moja kabla, ndege hufuata. Aliyeko Taketomi au Iriomote arudi Ishigaki boti zikiwa bado zinakwenda. Nunua maji na mkate mapema, chaji simu, egesha gari mahali hoteli itakapoelekeza, na usitoke nje upepo unapotulia ghafla, kwa sababu huenda ni jicho la kimbunga na upepo utarudi kutoka upande wa pili. Acha siku mbili za akiba kabla ya ndege yako ya kimataifa. Baada ya kimbunga maji ya wangwa hubaki machafu siku kadhaa, na milango ya mwamba huendelea kuvuta hata jua likiwa limerudi.